Siku ya Kugawiwa Sauti, Sisi Tulikuwa Mtoni

Udongo wa kwetu ukichimbwa kabla ya mvua una harufu yake. Sisemi ile harufu tamu ya matone ya kwanza ambayo kila mtu huisifu. Hii ni kavu na kali kidogo, kama chuma kilichoachwa juani, kama unga wa mtama uliokaa sana kwenye gunia. Inaingia puani na kukwama kooni. Wanaume walipokuwa wakichimba kaburi la mama yangu, pale chini ya shamba letu upande wa Kanyangi, nilikuwa nimesimama kando na kikombe cha chai mkononi, na harufu hiyo ikanifikia. Nilikuwa nimejitayarisha kulia. Badala yake nikajikuta nikitabasamu, na shangazi mmoja akanitazama kwa jicho ambalo sitalisahau haraka.

Sikumweleza. Mimi si mtu wa maneno mengi. Shule niliishia darasa la nane, nikaolewa Tawa, na huko ndiko nauza pojo na mbaazi mpaka leo. Kiingereza changu ni cha kusoma kibao cha dukani. Lakini kuna neno moja la Kiingereza ninalolijua vizuri, nalijua ndani na nje, kwa sababu niliitwa hilo neno nikiwa mtoto na nikaishi nalo kama mtu anavyoishi na jirani. Neno lenyewe ni *untalented*. Nililikumbuka pale kaburini kwa sababu ya harufu ya udongo, na ninyi mtaona jinsi mambo hayo mawili yalivyoshikana.

Nilikuwa darasa la sita. Shule yetu ilikuwa inajiandaa kwenda Tulia kwa mashindano ya nyimbo, na tulikuwa tumeletewa mwalimu mpya wa kwaya, kijana aliyetoka chuoni, viatu vyake vinang'aa hata kwenye lile vumbi letu. Alitupanga mistari mbele ya darasa, akatuanzishia wimbo, kisha akaanza kupita katikati yetu akiwa ameinamisha sikio, kama mtu anayegonga matikiti sokoni kujua lililoiva.

Mimi nilipenda kuimba. Niliimba nikichunga mbuzi, niliimba nikiosha sufuria, na siku hiyo niliimba kwa nguvu zangu zote, macho nimeyafumba. Nilipoyafumbua mwalimu alikuwa amesimama mbele yangu.

"Wewe. Imba peke yako."

Niliimba. Aliniacha nimalize, na kwa hilo ninamshukuru. Kisha akasema neno lile, bila hasira, jinsi daktari anavyosema una malaria. "Untalented." Akaelekeza kidole mlangoni. "Chukua mtungi, fuata wale."

Wale walikuwa watoto wengine waliokwisha kutolewa. Kazi yetu, ilielezwa, ilikuwa kwenda mtoni kuwaletea waimbaji maji, maana koo za waimbaji hukauka. Tukashika njia na mitungi yetu ya plastiki. Njiani nilimuuliza Katunge, msichana tuliyekuwa tukikaa dawati moja, kama anajua maana ya neno lile.

"Hata mimi nimeambiwa hivyo," akasema. "Na huyu pia. Si unaona? Ni mtu wa kuleta maji."

Ilionekana sawa kabisa. Kwa hiyo nilifika nyumbani jioni nikamwambia mama kwamba nimepewa kazi kwenye kwaya, na kwamba mimi ni untalented. Nadhani nilisema kwa kujigamba kidogo. Mama alikuwa akipepeta kunde. Yeye hakuwa amesoma. Akaniambia, "Vizuri. Usivunje mtungi wa watu."

Kaka yangu Mutua alikuwa amekuja nyumbani kutoka shule ya sekondari, kidato cha kwanza, na Kiingereza chake kilikuwa bado kipya kama yale mashati yake. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Mumbua! Wuui! Hiyo si kazi. Hiyo ni kusema huna kipaji. Hujui kitu."

Sikumwamini. Siku iliyofuata nililijaribu neno hilo mwenyewe, nione linavyokaa. Jogoo wetu aliyezoea kuwika saa sita mchana nilimwita untalented. Mbuzi aliyekwama kwenye ua wa miiba kila jioni, mahali pale pale, nikamwita hivyo hivyo. Sufuria iliyokuwa ikiunguza uji hata ukiwa umesimama juu yake na mwiko, nayo nikaiita.

"Sufuria haiwezi kuwa untalented," Mutua akasema. "Hilo ni neno la watu."

"Na jogoo?"

"Watu peke yao." Akafikiri kidogo. Mutua alikuwa mkorofi lakini hakuwa mwongo. "Na hata mtu, lazima useme katika nini. Katika kuimba, ama katika kuchora, ama katika mpira. Mwalimu alisema katika nini?"

"Hakusema. Alisema tu hivyo."

"Basi amekumaliza yote," Mutua akasema, akaenda kuoga.

Jioni hiyo nilifuatana na mama mtoni. Mto wetu, kama hamjui mito ya Kitui, ni mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka. Unapiga magoti, unachimba kwa mikono na kibuyu kilichokatwa mpaka ufike mahali mchanga unapokuwa baridi, kisha unangoja. Maji hujikusanya polepole chini ya shimo, kwanza meupe kama maziwa, na huwezi kuyaharakisha. Kungoja huko ndiko kulikokuwa wakati wa mazungumzo. Sijui mtoto yeyote wa upande wetu aliyepata kuzungumza na mamake kwa urefu mahali pengine.

"Mutua amesema lile neno lako lina maana gani?" mama akauliza.

Nilianza kumweleza kwa Kikamba na nikaona sina neno moja la kulingana nalo. Ikabidi nizunguke. "Ni mtu ambaye Mungu alipokuwa akiwagawia watu sauti, yeye hakupewa."

Mama akaondoa mchanga uliokuwa ukiporomokea shimoni. "Kwani alikuwa wapi?"

"Nani?"

"Huyo mtu. Wenzake wakigawiwa."

"Sijui, mwaitu," nikamjibu mama.

Alinitazama kana kwamba jambo lilikuwa wazi. "Alikuwa mtoni," akasema. "Huku kwetu mtu akikosekana mahali si huwa ameenda mtoni? Basi ni sisi hao. Mimi na wewe. Na nyanya yako, usimsahau. Yule akiimba, ng'ombe walikuwa wanakataa kutoa maziwa. Siku hiyo ya kugawiwa, sisi wote tulikuwa mtoni."

Akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nangoja aseme mwalimu amekosea. Nilikuwa nimeleta neno hilo kwake kama unavyoleta mwiba kwenye mguu, ili autoe, na yeye akautazama akasema ndiyo, ni mwiba. Machozi yakaanza kunitoka.

"Unalia kwa sababu ni uongo," mama akaniuliza, "ama kwa sababu ni kweli?"

Nilifikiria. "Ni kweli."

"Basi jaza mtungi. Giza linaingia."

Na ilikuwa kweli, hilo nataka mlijue tangu sasa ili msije mkangoja. Mama yangu hakuwa na sauti iliyofichika mahali ikisubiri siku yake. Sauti yake ilikuwa kama debe linaloburutwa kwenye changarawe. Kanisani alikaa kiti cha nyuma, na waliokaa mbele yake walijua wamekaa mbele yake.

Sasa, mwaka huo mama alikuwa amekubaliwa kwenye mwethya. Mwethya ni watu wa kijiji wanaofanyiana kazi kwa zamu: leo kwako, kesho kwangu. Kazi ya mwaka ule ilikuwa kuchimba mitaro ya kuzuia maji kwenye mashamba yenye mteremko, na shamba letu lilikuwa mteremko mtupu. Msimu uliotangulia, mvua kubwa ilishuka siku chache baada ya kupanda, ikaondoka na udongo wa juu pamoja na mbegu. Tuliiona mbegu yetu ya pojo imelala barabarani, mama akawa anaiokota moja moja kwenye matope na kuiweka kwenye leso. Baba alikuwa mlinzi Mombasa, tulimwona Disemba. Mama alijaribu kuchimba mtaro peke yake akaishia kuumwa mgongo. Kwa hiyo zamu yetu ilipokaribia, nyumbani hapakuwa na jambo lingine. Kila nyumba ilikuwa na siku yake moja tu. Usipomaliza siku hiyo, jembe linaenda kwa mwingine, na wewe unangoja mvua na mteremko wako.

Na kikundi kilikuwa na kanuni. Siku ya kuchimba kwako, wewe mwenye shamba ndiye unayeongoza wimbo. Wenzako wameleta mikono, wewe lete sauti. Haikuwa mapambo. Wimbo ndio ulioangusha majembe pamoja, na majembe yakianguka pamoja watu hawachoki haraka na hakuna anayekata mguu wa jirani. Ruhusa ya kuimbiwa na mwingine ilikuwa kwa mgonjwa au aliyefiwa.

Jioni ya kuamkia siku yetu, Mama Kavata, aliyekuwa akisimamia kikundi, alikuja nyumbani. Alikunywa uji wote kwanza. Mimi nilikuwa mlangoni nachambua mboga, kwa hiyo nilisikia.

"Mama Mutua, tumekaa na wenzangu tukasema, kesho Ndinda akuimbie."

Ndinda alikuwa mke wa kijana mmoja jirani, ameolewa juzi tu, na alikuwa ndiye *ngui* wetu, ndivyo Wakamba tunavyomwita mwenye kutunga na kuongoza nyimbo. Alipoimba, hata watu waliokuwa wakipita na punda barabarani walisimama.

"Mimi si mgonjwa," mama akasema.

"Hapana, si ugonjwa. Ni..." Mama Kavata alikuwa mtu mwema, alitafuta neno. Mimi nilikuwa nalo mdomoni. "Ni kukusaidia tu. Kazi iishe mapema."

"Asante sana, dada. Lakini shamba ni langu."

Mama Kavata akaaga. Nilimtazama mama akirudi kupanga kuni kana kwamba hapakusemwa kitu. Nilijua kitakachotokea. Angesimama mbele ya kijiji kizima, angefungua mdomo, na mtu angeinua kidole amwonyeshe pa kwenda. Mimi nilikuwa nimetolewa mbele ya darasa langu. Yeye angetolewa kwenye shamba lake mwenyewe, na mitaro isiishe, na mbegu ikae tena barabarani.

Walikuja asubuhi, jua likiwa bado chini, na majembe, sururu na mabeleshi begani. Vigingi vilikuwa vimeshapigwa na kamba imevutwa kufuata usawa wa shamba. Watu wakajipanga. Mama akasimama mwanzo wa mstari, akafunga leso kiunoni, akaanza.

Ulikuwa wimbo wa kuchimba ambao kila mtu aliujua, wa kumuuliza mvua amelala kwa nani tangu aondoke kwetu. Mstari wa kwanza ulipita vibaya lakini ulipita. Mwisho wa mstari wa pili kuna mahali ambapo sauti inatakiwa kupanda, kama mtu anayeinua ndoo. Ya mama ilishuka. Ilishuka ghafla kama mguu uliokosa ngazi. Waitikiaji nusu wakapanda, nusu wakashuka naye, majembe yakaanguka kila moja kwa wakati wake, na sururu mbili zikagongana hewani.

Kimanzi, mzee wa maneno ambaye kila kikundi huwa naye mmoja, akaegemea jembe lake. "Mama Mutua! Hiyo ni wimbo ama unaita punda?"

"Naita punda," mama akasema bila kugeuka. "Si mmekuja?"

Sijawahi kusikia watu wakicheka vile. Wanawake walishika mbavu. Mmoja aliketi juu ya udongo. Waliokuwa wakiendelea kuchimba walichimba huku macho yamejaa machozi, wasione kamba iko wapi, na mtaro ukaacha vigingi ukajipinda kuelekea bondeni kama nyoka aliyekanyagwa. Mama aliimba tena, na pale pale akashuka tena. Jua likapanda, na ile harufu kavu ya udongo uliochimbwa ikajaa shamba zima. Kicheko kikaisha, kama vile vicheko vyote, na kilichobaki kilikuwa watu wanaochimba ovyo, wakianza kuangaliana.

Ndipo Ndinda, kwa moyo mzuri kabisa, akauchukua wimbo. Sauti yake ilitoka kwenye mstari wa wachimbaji safi kama maji ya chini ya mchanga. Palepale majembe yakaanguka pamoja, dum, dum, na watu wote wakashusha pumzi. Mama alinyamaza. Mimi nilikuwa nimebeba mtungi wa maji ya kunywa, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu kila mahali, na nilisimama nao kichwani nikatazama chini. Nikasema moyoni, basi, imekwisha. Sasa aende akapike.

Mama aliweka jembe lake chini. Akatembea ukingoni mwa mtaro mpaka alipokuwa Ndinda.

"Ndinda, mwanangu, sauti yako ni nzuri," akasema. "Lakini nyamaza kidogo. Wewe utaimba kwako."

Hakusema kwa ukali. Ndinda alinyamaza katikati ya neno. Kimanzi akasema polepole, "Asi! Leo tutalala hapa." Mama akarudi mwanzo wa mstari, akachukua jembe, akaanza upya. Sauti ile ile. Debe kwenye changarawe. Na mwisho wa mstari wa pili akashuka, mahali pale pale.

Wa kwanza kuitikia alikuwa Ndinda. Aliitikia kwa nguvu, na aliposikia mama ameshuka, akashuka naye. Wengine wakamfuata.

Mnajua, mama yangu alikuwa na jambo moja: hakukosea leo hivi kesho vile. Alikosea mahali pamoja siku zote. Ilipofika saa tano watu walikuwa wamekwisha kujua shimo la wimbo liko wapi, na wakawa wanashuka humo pamoja naye. Kufikia mchana walikuwa wakiuimba wimbo ule vibaya, wote, kwa usahihi kabisa, na majembe yakianguka pamoja.

Sitawaambia kazi ilienda haraka. Haikwenda haraka. Kwa wengine mitaro ilikuwa ikiisha jua la alasiri likiwa juu, watu wakala isyo ya moto na kwenda zao. Kwetu isyo hiyo ya mahindi na kunde ilipoa kwenye sufuria, ikapashwa moto, ikapoa tena. Walimaliza wakati kuku wanaingia kulala. Kimanzi alisema mkono wake umechimba mashamba mawili. Baadhi ya wanawake waliondoka bila kuaga sana. Lakini mtaro wa mwisho ulifika kwenye kigingi cha mwisho, na mama alikuwa bado anaimba. Ilikuwa imebaki pumzi tu, karibu bila sauti, na midomo inakwenda.

Mvua ilipokuja, maji yalishuka kutoka juu, yakafika kwenye mitaro, yakasimama. Tulitoka nje na mama tukasimama tumejifunika magunia kuyatazama. Yalipasua mahali pamoja tu, kwenye ile kona waliyoichimba wakicheka. Kila mwaka hupasua hapo. Mama alikuwa akiliziba pengo hilo kila msimu kwa mawe na majani, na kijiji kizima hupaita kona ya Mama Mutua.

Mimi niliendelea kuwaletea waimbaji maji. Kwaya ilienda Tulia ikaimba vizuri sana, na mwalimu alistahili sifa zake. Alijua kazi yake. Lakini njiani kutoka mtoni, sisi wa mitungi tulianza kuimba. Mimi ndiye niliyeanzisha. Katunge aliimba kama mlango wenye kutu, na mimi mnanijua. Tukikaribia shule tulinyamaza, kwa heshima ya wenye kazi yao. Mwaka wote ule sikumbuki kama mtungi ulinielemea.

Kwa miaka mingi nilikuwa na maelezo yangu kuhusu siku ile. Nilijiambia mama hakuwa akijisikia. Wapo watu ambao masikio yao hayawaambii, nami nikadhani yeye ni mmoja wao, na kwamba ndiyo maana aliweza. Nilimpenda hivyo, kama mtu anayempenda mtoto anayecheza bila kujua anatazamwa. Nilijivunia, lakini ndani ya kujivunia kwangu mlikuwa na huruma kidogo.

Kisha akaugua. Nilimleta kwangu Tawa nimtunze, na asubuhi nilikuwa nikimwosha miguu iliyovimba huku naimba taratibu ili asisikie maumivu. Siku moja, katikati ya wimbo ule wa mvua, akasema macho yake yakiwa yamefumbwa:

"Umeshuka."

"Wapi, mwaitu?"

"Pale pale. Pale ninaposhuka mimi."

Mkono wangu ulisimama ndani ya maji. "Kwani ulikuwa unajua?"

"Mumbua, miguu ndiyo inauma. Masikio yangu ni mazima."

"Tangu lini?"

"Tangu nikiwa msichana."

"Na siku ile ya mitaro?"

"Ai! Siku ile ndiyo nilisikia zaidi. Kila mara nilisema, sasa nitapanda. Nikifika, nashuka." Akacheka mpaka akakohoa. "Kimanzi alinichosha, yule mzee."

"Sasa kwa nini hukumwachia Ndinda?"

Alifungua macho akanitazama kama alivyonitazama pale mtoni, mtu anayeulizwa jambo lililo wazi. "Ndinda alikuwa na shamba lake," akasema. "Endelea, maji yanapoa."

Niliendelea. Lakini usiku na mchana tangu siku hiyo nimelirudia jambo hilo. Mtu mzima, aliyesikia kila kosa lake likitoka mdomoni mbele ya kijiji, kuanzia asubuhi mpaka kuku walipolala, na akarudi mwanzo wa wimbo kila mara. Lile neno la Kiingereza lilimpata sawasawa. Ukitaka kulitumia vizuri, mtumie mama yangu kama mfano, katika kuimba. Mutua alikuwa amesema kweli, lazima useme katika nini. Na hata ukishasema, neno lenyewe halijasema mtu aende akakae wapi. Hilo la mlangoni na mtungi, mwalimu aliliongeza mwenyewe, na mimi nilidhani yote ni neno moja.

Kwa hiyo pale kaburini, na harufu ile kooni, ndipo nikatabasamu.

Kwaya ya kanisa iliimba, na spika kubwa, na vijana waliovaa sare. Waliimba vizuri. Kisha mchungaji akamaliza, na ikafika wakati wa kufukia. Wazee wa mwethya waliobaki walikuwa wamekuja na mabeleshi yao, Kimanzi na fimbo tu. Kaburi lilikuwa karibu na ile kona ya Mama Mutua. Ndinda, sasa ana wajukuu, alinikaribia akanishika kiwiko.

"Mumbua, umefiwa. Una ruhusa. Nikuimbie?"

"Asante, dada," nikasema. "Lakini shamba ni letu."

Alinitazama, akaachia kiwiko, akasimama kando yangu. Nikaanza. Vijana wa kwaya waligeuka wote pamoja, na mmoja akaziba mdomo kwa kitabu cha nyimbo. Nilisikia sauti yangu ikitoka mdomoni. Nilisikia kila kitu, debe na changarawe yote. Kimanzi akasema, "Huyo ni mamake kabisa," na hakuwa akicheka. Mabeleshi yakaanza kuanguka.

Nikaukaribia mwisho wa mstari wa pili. Nikakusanya pumzi, nikasema moyoni, leo nitapanda, angalau leo, kwa ajili yake. Lakini kabla sijafika, wazee wale walikuwa wameshafika, na Ndinda mwenye sauti yake nzuri akiwa wa kwanza. Hakuna aliyewaambia. Walishuka, wote pamoja, mahali pale pale.